Kazi imenishinda: kisa cha karani wa baraza aliyeacha kazi Uhehe, 1958

Barua yenyewe ina mistari saba. Ni nakala ya kaboni, na maandishi yake yamefifia mpaka uinamishe karatasi dirishani ndipo herufi zijitokeze. Imekunjwa mara nne. Pale mikunjo inapokutana pametoboka, na tundu hilo limekula neno moja ambalo kwa mazoea ya barua za zamani nahisi lilikuwa "mnyenyekevu". Imeandikwa kwa mzagila wa baraza, yaani chifu mdogo wa eneo, nakala kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, Iringa, Oktoba 1958. Ukitoa salamu, tarehe na sahihi, kinachobaki ni sababu ya maneno mawili: kazi imenishinda.

Aliyeiandika ni babu yangu mzaa baba. Mimi nami ni karani, wa mahakama ya mwanzo, kwa hiyo barua za kuacha kazi nimeziona. Iko ile ya notisi ya saa ishirini na nne, inayoletwa na mtu ambaye tayari amefunga mizigo. Iko ile ya "sababu za kifamilia", ambayo ofisi nzima inajua maana yake ni kazi benki. Hii ya babu ndiyo imenikalia kichwani miaka mingi, maana kwa kila ninachokijua kazi haikumshinda hata kidogo. Mwandiko wake ulilala upande mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, na hesabu zake zilifunga. Mtu wa namna hiyo anaandikaje kwa mkono wake mwenyewe kwamba ameshindwa?

Nyumbani kuna majibu matatu. Shangazi anasema ni TANU, chama cha kupigania uhuru. Baba mdogo, ambaye hajawahi kumsifia mtu bure, anasema fedha zilipelea na mzee akawahi kutoka kabla hajatolewa. Babu mwenyewe nilimuuliza mara moja tu, nikiwa darasa la sita, tumekaa jikoni tunaota moto wa Juni. Akasema alichoka kuandika watu. Nikadhani anazungumzia mkono kuuma.

Baraza na kalamu yake

Bila kujua baraza lile lilivyofanya kazi, barua hii haisomeki. Waingereza walipoikamata Tanganyika baada ya vita vya kwanza, Gavana Donald Cameron aliamua kutawala kupitia wenyeji. Sheria ya 1926 iliwapa machifu mamlaka ya kutoa amri na kanuni katika maeneo yao. Sheria ya 1929 ikaziweka mahakama za wenyeji chini ya maofisa wa utawala na kuzikata na Mahakama Kuu. Mwaka 1951 ikaja sheria nyingine, mabaraza yakabadilishwa jina na kuitwa mahakama za mitaa, lakini mkondo ukabaki ule ule: shauri likianza kwa mzagila, linapanda kwa Mtwa, chifu mkuu wa Wahehe, kisha kwa Bwana DC, na huko juu zaidi wachache sana walifika. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Katazo hilo mahakama za mwanzo zilikuja kulirithi baada ya uhuru, na wakongwe wa kazi hii wanalikumbuka vizuri.

Uhehe wa miaka hiyo ulikuwa na Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, na chini yake walikuwepo wazagila, kila mmoja na eneo lake na baraza lake. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa leo hulipita haraka. Mzagila yule yule ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyetangaza amri, na amri ikivunjwa ndiye aliyekaa kitini kuhukumu. Faini ikitozwa iliingia katika hazina ya Serikali ya Wenyeji, na hazina hiyo ndiyo iliyomlipa mshahara yeye, tarishi wake na karani. Kazini kwangu leo ada ya shauri inaingia serikalini na mimi sina habari nayo tena. Babu alipokea faini akijua kwamba mwisho wa mwezi sehemu yake itarudi mfukoni mwake ikiitwa mshahara.

Mzagila wa baraza lile hakujua kusoma. Simdharau, alijua mipaka ya mashamba ya watu kwa kumbukumbu, jambo ambalo mimi mwenye kompyuta siliwezi. Ila maana yake ni kwamba kila hukumu iliyotoka pale ilitoka kwa mwandiko wa mtu mmoja. Shauri la mahari lilisemwa kwa Kihehe tangu umande haujakauka mpaka kivuli cha mti kirudi shinani, wazee wakikatizana, mashahidi wakianzia habari tangu enzi za babu zao. Likiingia daftarini lilikuwa mistari mitatu ya Kiswahili: mdai, mdaiwa, ng'ombe wangapi, hukumu, ada, namba ya stakabadhi. Kisha mzagila anatia dole gumba chini yake. Bwana Shauri, kama watu walivyomwita DC, alipopita kwenye safari yake ya kukagua hakuwasikiliza wale waliosema tangu asubuhi. Alisoma ile mistari mitatu.

Ndiyo maana katika lugha ya mtaani pale, kutozwa faini kuliitwa kuandikwa. "Kaandikwa jana." "Nenda, wamekuita ukaandikwe." Mwaka ambao niliielewa kauli hiyo, nikiwa tayari kazini, ndipo jibu la babu la jikoni lilinirudia. Alichoka kuandika watu.

Kilichokuwa kinaandikwa

Katikati ya miaka ya hamsini, kilichojaza madaftari Uhehe kilikuwa josho. Serikali ilitaka ng'ombe waogeshwe dawa ya kupe kwa ratiba, kwa lazima, na kwa malipo. Asiyepeleka mifugo anaitwa barazani.

Niseme wazi ninavyoona, maana wengi wakisimulia habari hizi hufanya josho lionekane uchawi wa wakoloni. Kupe wanaua. Ndigana kali inaweza kumaliza ndama wa boma zima, na kuogesha kunasaidia. Waulize wafugaji wa leo. Lakini wazee waliokataa nao hawakuwa wajinga. Walijua kwamba ng'ombe akiyanywa maji ya josho anaweza kufa. Walijua kwamba ndama anayekua na kupe akaugua na kupona huwa na kinga yake, na kwamba ukianza kuogesha huwezi kuacha, kwa sababu ukiacha una kundi lisilo na kinga. Walihesabu umbali wa kuwaswaga wanyama kwenda na kurudi, na siku ya kulima iliyopotea. Na zaidi ya yote hawakuulizwa. Amri ilitoka bomani, ikapita kinywani mwa mzagila ili iwe amri ya wenyeji, ikaishia kwenye daftari la karani ambaye jioni anakunywa ulanzi na watu wale wale.

Upinzani huo TANU iliukuta ukiwa tayari umeiva, na chama kikaota mizizi Uhehe kwa kiasi kikubwa kupitia ugomvi wa josho. Kwa hiyo anachosema shangazi si hadithi ya kutunga ili ukoo upate mpigania uhuru. Kina mahali pa kusimama. Tatizo ni kadi.

Kadi ya babu ya TANU ipo, kwenye sanduku la bati ilimo barua, na imetolewa Januari 1959. Barua ni ya Oktoba. Mtu aliyeacha kazi kwa ajili ya chama angeikata kadi wiki hiyo hiyo, si baada ya miezi mitatu. Shangazi hulijibu hili kwa kusema kwamba mtumishi hakuruhusiwa, na hapo ana hoja. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Nyerere mwenyewe, Machi 1955, ilibidi achague kati ya ualimu wa Pugu na TANU, akaacha ualimu. Babu alilipwa na hazina ya wenyeji, lakini sidhani kama karani yeyote wa baraza alithubutu kwenda kumweleza Bwana DC kwamba waraka ule haumhusu. Sawa. Hilo linaeleza kwa nini hakuwa na kadi kabla ya Oktoba. Halielezi Novemba na Desemba. Mimi naona chama alikipata njiani, akiwa ameshatoka.

Hoja ya baba mdogo ni nyepesi zaidi kuipima, kwa sababu sisi makarani tuna desturi moja ambayo haijabadilika: makabidhiano. Hati ya makabidhiano ya Novemba 1958 imebaki. Imeorodhesha madaftari matatu, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika kwa namba zake, muhuri, sponji ya wino, kisanduku cha fedha na ufunguo. Kuna sahihi ya karani mpya, kuna dole la mzagila, na pembeni kuna herufi mbili za Bwana Shauri kwa wino mwekundu. Fedha taslimu na vishina vya stakabadhi vimelingana. Nimewahi kukaa kwenye makabidhiano ambayo fedha zilipelea, na najua hati yake inavyokuwa: inakuwa ndefu. Hii ni ya ukurasa mmoja. Baba mdogo bado anasema mzee angeweza kukopa akajazia usiku wa kuamkia siku hiyo. Angeweza. Ila kwa mtu aliyekuwa na upungufu, notisi ya mwezi mzima ni muda mrefu sana wa kumwachia mkaguzi.

Dole la mama mkwe

Linabaki tukio ambalo shangazi alilisimulia siku moja tu, tena kwa kupitia, tukichambua maharage. Alikuwa msichana wa miaka kumi na moja hivi, amempelekea baba yake chakula barazani. Ilikuwa siku ya kesi za josho, Agosti. Tarishi aliwaleta watu sita au saba, na mmoja wao alikuwa bibi yake mzaa mama, yaani mama mkwe wa karani. Mjane, mwenye ng'ombe wachache, na hakuna kijana wa kuwaswaga.

Kesi zenyewe zilikwenda haraka. Amri unaijua? Naijua. Ng'ombe uliwapeleka? Sikuwapeleka. Faini. Kisha mshtakiwa anaitwa mezani kutia dole, na kazi hiyo ilikuwa ya karani: anaushika mkono wa mtu, analaza kidole gumba kwenye sponji, anakigeuza kushoto na kulia, anakibandika kwenye karatasi na kukikandamiza. Waliowahi kufanya wanajua kwamba mtu asiyezoea hukaza kidole, na inabidi umshike kweli kweli.

Sasa mkwe hashikwi mkono. Huko kwetu mzee wa enzi zile akimwona mama mkwe anakuja njiani alipisha, akaingia majanini, akasalimu kwa mbali akiwa ameinama. Shangazi anasema baba yake aliandika jina, akaandika "mshtakiwa" mbele ya jina, akasimama. Akamwambia tarishi amsaidie kwa sababu mkono wake una mafuta. Tarishi akaja, akamshika yule mama, akatia dole. Mzagila akaona, akacheka, akasema neno ambalo shangazi hataki kulirudia mpaka leo. Wazee nao wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka jambo lipite. Yule mama hakucheka. Alijifuta wino kwenye kaniki yake, na faini akaambiwa alipe kabla ya mwezi kuandama.

Inawezekana kabisa aliyeilipa faini hiyo ni karani mwenyewe. Shangazi anadhani hivyo. Kama ni kweli, basi babu alijikatia stakabadhi, akaingiza fedha zake kwenye kisanduku, na mwisho wa mwezi akalipwa mshahara kutoka humo humo.

Miezi miwili baadaye akaandika mistari saba.

Neno lilivyochaguliwa

Turudi kwenye barua basi, maana sasa inasomeka tofauti. Kwanza, hakuandika "najiuzulu". Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika madaraka, na anayejiuzulu hujishusha mwenyewe kutoka kiti alichokalia. Gavana hujiuzulu, waziri hujiuzulu. Karani wa baraza hakuwa na kiti. Alikuwa na benchi. Ameandika "naomba kuacha kazi", na ombi hilo amelielekeza kwa mzagila kwanza, Bwana DC akapewa nakala. Wapo wanaoiona hii kuwa adabu tu ya ngazi za ofisi. Mimi naona alijua aliyemcheka ni nani na akataka yeye ndiye asomewe barua. Na wa kumsomea alikuwa nani? Karani mwenyewe. Barua ya kuacha kazi aliisoma kwa sauti yake, mbele ya mtu aliyeandikiwa.

Pili, "imenishinda". Mgeni wa lugha atasikia udhaifu hapo: mtu amepewa mzigo, hawezi kuubeba. Mswahili anasikia na kitu kingine. Mzazi akisema "mtoto huyu amenishinda tabia" hajikiri kuwa dhaifu, anamhukumu mtoto. Mke akirudi kwao na kusema "ndoa ile imenishinda", wazee hawamuulizi kwa nini hana nguvu, wanauliza mume amefanya nini. Kauli hiyo inamlaumu mwingine huku msemaji akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna wa kumshtaki kwa kuinamisha kichwa.

Na mwaka 1958 hilo la kushtakiwa halikuwa mzaha. Mwaka huo huo Nyerere alipelekwa mahakamani Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya, wa Musoma na Songea, katika jarida la chama. Alitiwa hatiani, akaambiwa achague faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa. Songea ni jirani zetu, na habari ile ilipanda huku nyanda za juu kwa mabasi na kwa magazeti yaliyosomwa mpaka yakachanika. Karani anayeandika barua wiki chache baadaye alijua sentensi moja juu ya Bwana Shauri inaweza kugharimu nini. Angeandika kwamba amri ya josho ni dhuluma, angekuwa mchochezi. Angeandika kwamba mzagila alimdhihaki mkwe wake, angefungua ugomvi wa koo mbili. Aliandika maneno mawili ambayo DC angeyatafsiri kuwa hana uwezo, na ambayo mzagila, akisomewa, angejua kabisa amekatwa.

Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia tarishi: afanye makabidhiano. Sina zaidi ya hapo.

Baada ya kutoka alilima, na siku za gulio alikaa chini ya mti na meza ndogo akiwaandikia watu barua. Si za mapenzi wala za kwa watoto walioko mashamba ya mkonge, ingawa hizo nazo zilikuwepo. Nyingi zilikuwa za rufaa. Alijua muda wa kukata rufaa, alijua ada, alijua ni neno gani likiwekwa mstari wa kwanza Bwana Shauri hataruka. Wale aliowaandika barazani walikuja kuandikwa tena, safari hii kwa faida yao na kwa senti chache. Nina hakika bomani walitamani angebaki karani.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna karatasi moja zaidi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na mwaka 1964 mahakama za mwanzo zikaanza kazi chini ya sheria mpya, na hakimu asiyekusanya kodi ya mtu. Zilihitaji makarani. Babu aliomba. Rasimu ya barua yake ya maombi ninayo, kwa mwandiko ule ule wa mahindi yaliyolala. Anataja miaka yake barazani, anataja daftari, anataja kwamba hajawahi kupata upungufu wa fedha. Penye sababu ya kuacha kazi ya kwanza ameandika: shughuli za shamba.

Hakuchukuliwa. Walichukua kijana. Miaka michache baadaye alichaguliwa kuwa mzee wa baraza katika mahakama hiyo hiyo, akakaa upande wa hakimu, na nasikia alikuwa msumbufu: kila shauri lilipokwisha alimtaka karani asome alichoandika, kisha asome tena.

Nyuma ya rasimu ile kuna hesabu kwa kalamu ya risasi. Ni orodha ya Jumamosi, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila tarehe kuna tarakimu 4, senti, na neno "josho". Ng'ombe wake walikuwa wanne. Jumamosi moja tu imerukwa, na hapo ameandika "mvua".